Lori la Baba Halitoi Joto

Kambi ya machimbo
Tarehe 4, mwezi wa sita

Dada yangu,

Shikamoo. Na ya mama umfikishie, umwambie nakula, nalala, sijakonda. Na hata ningekonda nani angejua, kwa makoti haya.

Hii ni wiki ya sita niko huku juu. Kazi ni ile ile niliyokueleza siku naondoka: napakia mawe ya chokaa machimboni, navuka nayo mlima, namwaga kiwandani upande wa pili, narudi mtupu. Kwenda ni mwendo wa masaa saba, kurudi matano. Simu huku ni tochi tu, mtandao hakuna, ndiyo maana unaona karatasi. Barua nampa dereva wa lori la mafuta, yule mwenye ndevu mpaka kifuani, tunamwita Ndevu. Anapanda huku kila wiki na gereji yako iko njiani mwake. Mpe chai, atakuwa posta mwaminifu.

Sasa shida. Lori la baba linavuta vizuri, halijanitia aibu, lakini hita haitoi joto. Nikiwasha feni inanipulizia hewa ya barafu usoni kama ina kisasi na mimi. Huku asubuhi maji ya ndoo yanakuwa kigae cha barafu. Kule juu kabisa theluji imekaa pande zote za barabara, na kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani, basi mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unafuta kwa kitambaa. Wenzangu wanaendesha na shati. Mimi navaa kila kitu nilichonacho, nikishuka kwenye lori wananiita Godoro.

Wewe ndiye uliyebaki na sikio la baba. Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Godoro


Gereji
Tarehe 9, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Marahaba. Hilo la Godoro nilimsomea mama, akacheka mpaka akakaa chini.

Sikiliza. Hita haina moto wake yenyewe, inaazima joto la injini. Maji ya moto yanatoka kwenye injini kwa mpira mmoja, yanaingia kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, yanarudi kwa mpira wa pili. Feni inapuliza hewa kupitia hapo. Kwa hiyo ama maji hayafiki, ama yanafika bila joto. Usifungue nati hata moja kabla hujajua ni lipi kati ya hayo.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta kubwa uangalie maji. Yakiwa chini, jaza, na usisahau ile dawa ya kuzuia yasigande. Halafu washa, acha lingurume nusu saa, ufunue boneti ushike ile mipira miwili inayoingia kwenye kebini. Yote ya moto? Mmoja wa moto, mwingine baridi? Yote vuguvugu? Na mshale wa geji ya joto unasimama wapi unapopanda mlima? Niandikie ulivyoona, usiniandikie unavyodhani. Wewe kudhani hujambo.

Na hili nijibu kwa uhakika: maji yanapungua siku hadi siku? Moshi wa ekzosi una rangi gani asubuhi?

Mama anasema uvae soksi mbili.

Dada


Kambini
Tarehe 14, mwezi wa sita

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno, mpishi wa kambi alikuwa pembeni ananisomea barua yako huku nimeinama kwenye boneti. Mama yule ana sauti ya mwalimu mkuu. "Usiniandikie unavyodhani!" alilisoma hilo mara mbili, akalifurahia.

Mipira yote ni vuguvugu, ungeweza kumwogeshea mtoto. Mshale wa geji hauvuki robo, hata nikiwa nimebeba mzigo kamili. Maji yamepungua kidogo, labda kikombe kwa safari, sioni yanapovujia. Moshi asubuhi ni mweupe, lakini huku kila kitu kinatoa moshi mweupe asubuhi, hata mimi.

Soksi navaa tatu.

Godoro


Gereji
Tarehe 19, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Hiyo ni themostati. Ni kile kimlango kidogo kinachozuia maji yasikimbilie rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Chako kimekwama wazi, basi maji yanakwenda kupoa kabla hayajapata moto. Kwenye baridi hiyo ni kama kupika nje kwenye upepo.

Kwenye kifurushi hiki kuna themostati mpya na gasketi yake, ile karatasi nene ya kuzuia uvujaji. Utaikuta chini ya kile kichwa cha chuma ambapo mpira mkubwa wa juu unaingia kwenye injini, nati mbili. Toa maji kwanza. Kwangua gasketi ya zamani taratibu, usikwaruze chuma. Ukitaka kuhakikisha kwamba ile ya zamani ndiyo mbaya, itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi uweke jikoni: nzima hukaa imefungwa, hufunguka maji yakikaribia kuchemka. Iliyokufa utaikuta imeachama tangu mwanzo.

Kikombe kwa safari si kitu cha kukusumbua. Wewe jaza tu.

Mama ameniuliza kama lori linakutunza. Nimemwambia linakutunza.

Dada


Kambini
Tarehe 26, mwezi wa sita

Dada, Dada, Dada!

Joto! Nimeendesha na shati! Ile themostati ya zamani tuliiweka kwenye sufuria ya mpishi, ikawa imeachama kama mtu aliyesikia umbea. Nikafunga mpya mwenyewe, nati moja ikaniangukia kwenye theluji nikaitafuta kwa magoti. Nilipowasha na mshale ukapanda hadi katikati, nilikaa kwenye kebini nimeweka viganja kwenye matundu ya hewa kama mtoto, sikutaka kushuka hata kula. Nikavuka mlima mara mbili naimba. Mimi, ambaye baba alisema sauti yangu ni ya breki zilizoisha.

Safari ya tatu ndiyo imeniharibia furaha. Nilipofika kwenye kona za juu joto likakata ghafla. Nikashuka mteremko, likarudi. Nikapanda, likakata. Na nyuma ya dashibodi nasikia maji yanabubujika, glugu glugu, kama mtu anasukutua mdomo. Maji sasa yanapungua zaidi ya kikombe. Nahofia nimefunga vibaya. Mimi sina mikono yenu.

Kuna jambo jingine nataka unishauri. Msimamizi wa machimbo ameniita ofisini. Wana lori jipya la kampuni limekosa dereva, lina hita inayoweza kukaanga yai. Anataka nilichukue mimi, na la baba watalikodi walitumie kwenye kazi nyepesi za hapa chini, ila kwanza fundi wao alifungue injini alikague. Nimeomba wiki mbili za kufikiri. Nikikwambia ukweli, moyo umegawanyika. Lori hili ndilo sehemu yangu ya urithi wa baba. Lakini baridi nayo, Dada, baridi inamwingia mtu mpaka kwenye meno.

Nitafanya utakavyosema.

Godoro


Gereji
Tarehe 2, mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Hukufunga vibaya. Hiyo ni hewa tu iliyobaki kwenye njia za maji. Rejeta ya hita ndiyo imekaa juu kuliko vyote, basi hewa hukimbilia hapo na maji ya moto hayapiti. Egesha lori pua ikielekea mlimani, injini baridi, kifuniko wazi, washa, legeza kibanio cha mpira wa juu wa hita mpaka hewa iishe na maji yaanze kutoka, kaza, jaza. Ukiweza, ikoshe kabisa hiyo rejeta ndogo: vua mipira yake miwili, chomeka bomba la maji kwenye tundu la kutokea, usukume kwa nguvu kinyumenyume. Itakuwa ina tope la miaka.

Kuhusu kazi ya kampuni. Mimi naona usiache lori la baba. Ukishaanza kuendesha la watu, lako litaozea uani. Na huyo fundi wao simjui, mikono yake siijui. Usimruhusu mtu afungue injini ile. Baba aliifunga mwenyewe, na mimi nilikuwepo. Kaza moyo, miezi ya baridi inaisha.

Nimeandika kwa haraka, kuna gari linanisubiri kwenye shimo la gereji.

Dada


Kambini
Tarehe 8, mwezi wa saba

Dada,

Shikamoo. Nimetoa hewa kama ulivyosema. Ikatoka, ikatoka, haikuisha. Na injini ikinguruma, kwenye mdomo wa rejeta kubwa naona mapovu yanapanda bila kukoma, kama soda. Nimekosha rejeta ndogo pia, imetapika tope jekundu ndoo nzima. Baada ya hapo nikapata joto safari moja.

Safari iliyofuata nikasikia miguu imelowa. Rejeta ndogo imetoboka, nadhani tope ndilo lililokuwa limeziba matundu. Maji yanachuruzika nyuma ya dashibodi yanashukia pale pale kwenye pedali. Zulia limeloa chepechepe, yananukia utamu kama sharubati. Nafunga miguu kwa mifuko ya plastiki ndani ya viatu. Inasaidia mpaka nusu ya njia.

Msimamizi nimemkatalia. Nimemwambia dada yangu ndiye fundi wetu na amesema nisiliache. Akasema, "Sawa, lakini huyo dada yako hayuko hapa." Nikamwambia wewe unaliona lori hili ukiwa umefumba macho.

Vidole vya mguu wa kushoto vimekuwa vinasinzia. Nikivifinya havinijibu mpaka nioge maji ya moto. Mama asijue hilo.

Godoro


Gereji
Tarehe 13, mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Barua hii ikikufikia, zima lori. Kama liko mlimani, liache huko huko mlimani, panda la mwenzako ushuke. Usiwashe tena. Nenda kwa msimamizi, umpigie magoti ikibidi, umwambie dada yako ni mjinga na unaitaka ile kazi. Miguu ikaushe, usiisugue, usiichome kwenye moto, nenda kwa daktari leo.

Nimeandika mistari hiyo kwanza kwa sababu najua ukisoma hii inayofuata unaweza kuikunja karatasi.

Tatizo si hita. Halikuwa hita tangu uliponiambia kikombe kwa safari. Silinda hedi, kile kichwa kinachofunika injini kwa juu, imepasuka. Moto wa injini unapenya kwenye njia za maji, ndiyo yale mapovu, ndiyo ile hewa isiyoisha, na presha yake ndiyo iliyotoboa rejeta ndogo. Themostati ilikuwa imekufa kweli, hilo sikukudanganya. Lakini nilifurahi ilipokutwa imekufa, kwa sababu ilinipa kitu cha kukuandikia.

Ufa huo naujua. Mwaka kabla ya baba kufariki lori lilichemka, tukafungua mimi na yeye. Ufa ulikuwa kwenye silinda ya tatu, mwembamba kama unywele. Akauchomelea, akausugua mpaka ukang'aa, akaniambia, "Hii ni ya kushikilia tu. Tambarare itatembea. Mlimani haimalizi mwaka. Asipewe mtu." Nikamjibu, "Sawa, baba."

Siku ya mgao wa mali ya baba, unakumbuka baba mkubwa alivyosema. Gereji ya mwanamume, dada ataolewa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, Mdogo wangu. Nimeingia kwenye shimo lile nikiwa na miaka kumi na sita. Nikaona wote wananitazama kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Ndipo nikasema, "Gereji niachieni mimi. Mpeni yeye lori, ni zima, nimelifungua mwenyewe." Wewe ukaruka ukanikumbatia.

Nilijiambia utafanya kazi za mjini. Uliposema unapandisha mlimani nilisema nitakwambia kabla hujaondoka. Kisha nikasema nitakwambia kwa barua. Na uliponiambia fundi wao anataka kulifungua, nikaona ataukuta ule mchomeleo, atakuuliza, na utajua. Nikakuandikia ukatae. Sikuwa na gari kwenye shimo siku ile. Nilikuwa nimekaa peke yangu.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Nakuomba ushuke.

Dada yako


Kambini
Tarehe 14, mwezi wa saba

Dada,

Shikamoo. Najua hii itapishana njiani na yako, ila Ndevu amechelewa wiki hii na mimi nina kiu ya kuongea na mtu wa nyumbani.

Lile lori la kampuni amepewa mtu mwingine jana. Nimemwona anatoka getini nalo, dirisha wazi, mkono nje, kwa baridi hii. Sijutii, usidhani. Nilipokuwa mdogo baba hakuniita hata siku moja nimshikie tochi. Alikuita wewe. Nilijua nisipoitwa ni kwa sababu sijui kitu. Basi uliposema mbele ya wazee wote nipewe mimi lori, nilihisi kama baba ndiye aliyesema, kwamba hata mimi nilikuwa na kitu alichoniwekea. Nikikaa kwenye kiti kile, hata kikiwa kimeloa, nahisi hivyo. Kwa hiyo vumilia na mimi, na ujinga wangu wa spana.

Nimeona njia ya kupunguza uvujaji. Nimevua ile mipira miwili ya hita nikaiunganisha kwa kipande cha bomba, maji yazunguke bila kupita kwenye kebini. Hita sasa haipo kabisa, lakini angalau zulia litakauka. Nimefanya sawa? Ungekuwa hapa ungenipiga na kitambaa cha grisi.

Kesho asubuhi nina mzigo. Wanasema theluji itaanguka mchana, nitakuwa nimeshavuka.

Msalimie mama. Mwambie soksi ni nne.

Godoro


Hospitali, chini ya mlima
Tarehe 22, mwezi wa saba

Kwako dada wa dereva,

Hatujaonana, lakini barua zako nimezisoma nyingi kwa sauti, basi nakuona kama nakufahamu. Mimi ndiye mpishi wa kambi ya machimbo. Naandika kwa sababu simu hapa pia haishiki, na mikono ya mdogo wako imefungwa bendeji. Yuko hai. Niliona nianze na hilo.

Tarehe 15 aliondoka asubuhi na mzigo. Karibu na kilele injini ilichemka, maji yakawa yameisha yote, ikazima na haikuwaka tena. Theluji ikaanguka kabla ya saa iliyotabiriwa, na nyuma ya lori udongo ukaporomoka ukafunga barabara. Akakaa kwenye kebini. Viatu vilikuwa bado vimeloa tangu safari ya jana yake. Katapila lilimfikia kesho yake saa sita mchana. Wanasema alikuwa macho, amekumbatia usukani, na aliwauliza kama kuna mtu ana maji ya rejeta.

Mguu wa kushoto wamekata chini kidogo ya goti. Wa kulia wameondoa vidole vyote. Mikono daktari anasema itapona, ila kidole kimoja bado wanakiangalia.

Barua yako ya tarehe 13 Ndevu aliileta tarehe 19, barabara ilipofunguliwa. Nilimletea hapa wodini. Akafurahi, akasema, "Nisomee, mama, huyo atakuwa ananigombeza." Nikasoma. Nilipofika kwenye habari za hedi nikarudi mistari miwili nyuma, nikidhani nimesoma vibaya. Akasema, "Endelea." Nikamaliza. Akaniomba nirudie pale uliposema "ni zima, nimelifungua mwenyewe." Nikarudia. Akageukia ukutani. Nilikaa mpaka saa ya wageni ikaisha na hakugeuka.

Leo nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema neno moja tu: mama yenu ajue, na ajue kutoka kwenye mdomo wako.

Mimi ni mtu baki na sina la kuongeza. Ila nilimpakulia chakula kijana yule miezi miwili na nusu, na kila siku alinieleza kuhusu wewe.

Mpishi


Gereji
Tarehe 30, mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Nimemwambia mama.

Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilisimama mlangoni nikasema yote, tangu ufa mpaka hospitali, sikuruka kitu. Alishika shati mkononi muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, "Miguu miwili?" Nikamwambia mmoja na nusu. Akauliza, "Na marehemu alijua kuhusu lori?" Nikasema alijua, na alisema asipewe mtu.

Akasema, "Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa naombea lori bovu, na ninyi mnaniitikia amina."

Akaniambia nimpigie simu mama mdogo aje amchukue. Nikamwomba akae, nikamshika mkono. Akautoa, si kwa hasira, aliutoa kama mtu anayetoa mkono wake kwenye kitu cha moto. Jioni akaondoka na mfuko mmoja. Amesema hawezi kulala nyumba inayotazamana na gereji ile.

Gereji nimeifunga. Wateja wanagonga, siwafungulii. Nikiingia naona ile sehemu ya benchi baba alipouchomelea ule ufa, chuma bado kina alama. Nitaiuza au nitakupa, useme wewe. Nitakuja huko nikuhudumie, nitapanda na Ndevu wiki ijayo ukiniruhusu. Nitafanya kazi yoyote. Nipige kwa mdomo, nipige kwa mkono, lakini usininyamazie.

Nakusubiri uandike.

Dada yako


Gereji
Tarehe 19, mwezi wa nane

Mdogo wangu,

Ndevu ameniambia barua yangu alikukabidhi mkononi na hukumpa jibu. Anasema umepewa magongo. Ameniambia hivyo akiwa amesimama, chai hakuigusa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako


Kambini, getini
Tarehe 11, mwezi wa tisa

Dada,

Shikamoo.

Nimetoka hospitali wiki mbili zilizopita. Msimamizi amenipa kazi getini. Naandika namba za malori yanayotoka na yanayorudi. Kuna kiti, meza na jiko dogo la mafuta linalowaka kutwa, chumba kina joto mpaka madirisha yanalia. Mguu usiokuwepo ndio unaosikia baridi. Daktari alisema itakuwa hivyo, pengine kwa miaka.

Lori la baba bado liko kule juu. Walilisukuma pembeni barabara ipite. Fundi wao alipanda akalifungua, nilimwomba mwenyewe. Alirudi akaniambia aliyeuchomelea ule ufa alikuwa fundi hasa, ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Nikamshukuru. Madereva wamechukua vioo na matairi, na mimi nimewaandikia wakipita navyo.

Usije. Ukija nitalazimika kukutazama ukinifungia bendeji vizuri, kwa sababu najua utafanya vizuri, mikono yako ni mizuri. Sitaki.

Gereji usiiuze na usinipe. Nilikuwa sijui niseme hili au ninyamaze, nimelilalia wiki sita. Gereji sikuitaka hata siku moja. Harufu ya grisi inanitia kichefuchefu tangu utoto, ndiyo maana sikuwahi kumwomba baba anifundishe. Siku ile ya mgao, asubuhi, nilikuwa nimeshaamua kusimama niseme gereji apewe dada, mimi nitatafuta ajira kwa watu. Nilikuwa nasubiri baba mkubwa amalize kuongea. Ukanitangulia.

Ungeniita pembeni tu. Nyuma ya nyumba, dakika moja.

Mama ameniandikia. Anakuja kukaa na mimi, mpishi amemtafutia chumba karibu na chake. Atapanda na Ndevu safari ijayo. Usimsindikize. Nguo zake nzito anasema alizisahau kwako, kwenye sanduku la chini. Mpelekee kwa mama mdogo kabla ya Jumatano, huku baridi haijaisha.

Mdogo wako